Kadi ya Duka Lililo Mbali: Mwongozo kwa Aliyepewa Zawadi Asiyoweza Kuitumia

Jamaa wa mtu akaaye Oloipiri, katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, siku hizi hawakai Oloipiri peke yake. Mmoja yuko Arusha kwa kazi ya ulinzi, wa pili anasoma Nairobi, wa tatu ameolewa ng'ambo ya mpaka upande wa Narok, na wa nne, aliyetangulia kwa masomo au kwa ndoa, yuko Marekani au Muscat. Na hao wote, inapowadia sikukuu, ama arusi, ama mahafali ya mtoto aliyemaliza kidato cha nne, hutaka mkono wao uonekane nyumbani. Zamani mkono huo ulionekana kwa shuka na blanketi, na kwa sukari na majani ya chai yaliyofungwa katika kiroba na kupakiwa juu ya basi. Sasa pamoja na hayo huja kipande chembamba cha plastiki, au picha yenye tarakimu ndani ya simu, kiitwacho kadi ya zawadi, ambacho kina thamani ya fedha isiyoweza kutumika ila katika duka lenye jina lile lililoandikwa juu yake. Na duka hilo halipo Oloipiri, halipo Wasso, halipo Loliondo mjini, na pengine halipo katika Tanzania nzima.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mpokeaji huyo, kwa kuwa nimeona kadi nyingi zikilazwa katika masanduku ya bati, pamoja na vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki, mpaka thamani yake ikafa; na kila kadi iliyokufa hivyo ni jasho la jamaa lililomwagika bure. Aliyeificha hakuwa mtu mbaya wala mpumbavu. Aliona haya kusema kwamba zawadi haimfai, akachelea kumvunja moyo aliyeitoa, kisha akanyamaza. Lakini kimya hicho hakikumfaa yeyote isipokuwa mwenye duka, ambaye hata jina la mpokeaji halijui.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, yatenge mambo mawili ambayo katika kadi yamefungwa pamoja: mapenzi ya aliyetoa, na deni la mwenye duka. Mapenzi yamekwisha kukufika kamili tangu siku ile ulipoipokea kadi, wala hakuna utakalolifanya baadaye litakaloyapunguza, maadamu hukumficha wala hukumdanganya aliyekupa. Deni bado halijakufika, na halitakufika mpaka uliendee. Jamaa yako alikwisha kulipa fedha. Duka, badala ya kumpa bidhaa, likampa ahadi kwamba atakayeileta kadi atapewa bidhaa za kiasi kile kile. Tangu saa ile wewe ni mdai na duka ni mdaiwa, na kila mwezi upitao bila ya wewe kudai, fedha zile humtumikia mdaiwa wako bila ya faida kwako. Mtu akilielewa jambo hili hataona tena kwamba kuitafutia kadi matumizi ni tamaa au ni kumdharau aliyeitoa. Ataona kwamba ni dhima yake kuikamilisha ihsani ambayo mwenziwe ameianza.

Na deni la duka si amana ya kutegemewa milele. Desturi ya kadi hizi si kongwe: duka la Neiman Marcus la Marekani ndilo litajwalo kuwa la kwanza kuziuza, mwaka 1994, na kampuni ya Blockbuster, iliyokodisha kanda za filamu, ikazitundika mbele ya macho ya wateja wake mwaka uliofuata, na Blockbuster yenyewe ikaomba hifadhi ya sheria ya ufilisi mwaka 2010. Wala hatuna haja ya kuvuka bahari kwa ajili ya mfano. Uchumi, duka kubwa la Kenya lililokuwa limejitandaza mpaka kwetu, lilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda mwezi Oktoba 2015. Nakumatt, ambayo mwaka 2014 iliyatwaa maduka ya Shoprite ya Tanzania, likiwamo la Arusha, na ambayo nembo yake ya tembo watu wengi wa kaskazini wanaikumbuka bado, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Huko Oman nako, Januari 2025, maduka yaliyokuwa yakiitwa Carrefour yaliamka na jina la HyperMax, na mtu mwenye kadi yenye jina la zamani hana budi kuuliza mapema kama jina jipya linalitambua deni la zamani. Duka linapofilisika, mwenye kadi huhesabiwa miongoni mwa wadai wasio na rehani. Hutanguliwa na benki, hutanguliwa na wengine wenye haki zilizowekwa mbele na sheria, na ikifika zamu yake aghalabu hakuna kilichosalia. Basi kanuni iliyo juu ya kanuni zote katika mwongozo huu ni kwamba kadi isilazwe: mwezi uliopewa ndio mwezi wa kuishughulikia.

Kazi ya kwanza ni kuisoma, na kuisoma kweli kweli, mchana kweupe, pamoja na kijana mwenye kufahamu Kiingereza ikiwa maandishi yake ni ya Kiingereza. Upande wa mbele tazama jina la duka, kisha utafute jina la nchi na aina ya fedha: ni shilingi za Kenya, au za Tanzania, au dola, au riali? Jina moja la duka haliifanyi kadi itumike kila nchi ambako jina hilo limeandikwa mlangoni. Kadi ya Amazon ya Marekani ni ya soko la Amazon la Marekani, na ukiipeleka katika soko lao la Uingereza itakataliwa. Kadi ya Apple iliyonunuliwa nchi moja hutaka akaunti iliyofunguliwa kwa nchi ile ile. Upande wa nyuma utaona tarakimu ndefu, na chini yake, mara nyingi, utando wa kijivu kama ule wa vocha ya kukwangua. Usiukwangue kwa pupa. Maadamu utando haujaguswa, kila utakayemwonyesha kadi ataamini kwamba haijatumika. Ukisha kukwanguliwa, kadi ni zile tarakimu, na aliyeziona, hata kwa nukta moja, hata kwa picha, anaweza kuitumia akiwa mji mwingine huku plastiki yenyewe ikiwa bado mkononi mwako.

Kisha tafuta tarehe ya mwisho. Nchini Marekani sheria iliyoanza kutumika Agosti 2010 inakataza kadi ya zawadi ya duka kuisha muda wake kabla ya miaka mitano kupita tangu ilipotolewa au kuongezwa fedha, na inazuia ada ya kutotumika mpaka kadi iwe imekaa mwaka mzima bila kuguswa. Kwa hiyo mwenye kadi ya huko ana nafasi, ingawa nafasi si sababu ya kulala. Huku kwetu usitegemee ukarimu huo. Soma masharti yaliyochapwa, na kama hayakuchapwa, mwombe aliye karibu na duka aulize mezani kwa huduma za wateja: kadi inaisha lini, salio lake ni kiasi gani, inaweza kutumika mara nyingi kidogo kidogo au ni mara moja tu, na chenji yake hurudi au hupotea. Majibu hayo yaandike katika daftari, pamoja na tarehe uliyoipokea na jina la aliyekupa. Ikiwa utaangalia salio kwa simu au kwa intaneti, tumia namba au anwani iliyochapwa juu ya kadi yenyewe, wala usitumie anwani uliyoletewa na mtu au uliyoiokota katika kutafuta, kwa maana kuna kurasa zilizotengenezwa makusudi ili watu waziandike humo tarakimu zao, na wakisha kuziandika salio linatoweka.

Ukishajua ulichonacho, sasa tafuta mtu aliye karibu na duka. Hapa ndipo penye kiini cha shughuli yote, na hapa nataka tukae kitambo, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba njia ni mbili tu, ama kusafiri ama kuuza, na zote mbili zina hasara. Safari ya Arusha kwa basi, kupitia kando ya Ziwa Natron, Engaruka na Mto wa Mbu, ni ya kutwa nzima. Na ile ya kupitia Serengeti, Ngorongoro na Karatu nayo ina urefu wake na gharama zake za hifadhi. Nauli ya kwenda na kurudi, na malazi, na chakula cha njiani, vyaweza kuila kadi kabla hujaufikia mlango wa duka. Njia ya tatu ni mabadilishano, na watu wetu, walioizoea biashara ya mifugo na ahadi za midomo yenye mashahidi, wanaweza kuifanya vizuri kuliko wengi wa mijini.

Tuseme kadi yako ni ya Naivas ya Nairobi, na thamani yake ni shilingi 5,000 za Kenya. Jirani yako ana binti asomaye chuo huko Nairobi, na kila mwezi humtumia fedha za matumizi, ambazo binti huzipeleka dukani kununua unga, mafuta ya kula, sabuni na taulo za kike. Mwezi huu jirani asizitume zile 5,000. Wewe mpe binti kadi, naye baba yake akupe wewe thamani yake hapa hapa Oloipiri, kwa shilingi za Tanzania kwa bei ya siku hiyo, au kwa mbuzi mkiridhiana, au kwa madawa ya kuogeshea mifugo ambayo hata hivyo ungeyanunua. Hakuna aliyepoteza: binti amekula, jirani ametoa kile ambacho angetoa, na wewe umepata kitu unachokihitaji. Hata ada ya kutuma fedha imeokolewa.

Lakini mfanye kwa utaratibu. Kwanza baba na binti waambiwe wote wawili, kwa simu iliyowekwa sauti ya nje, mbele ya mtu mmoja wa makamo ambaye nyote mnamheshimu. Pili, tarakimu zitumwe kwa binti peke yake, siku ile aendayo dukani, naye akiwa tayari amesimama karibu na duka. Zisitumwe katika kundi la ukoo la WhatsApp, ambamo hujui simu ya nani iko mikononi mwa nani. Tatu, binti akisha kununua apige picha ya risiti, maana risiti huonyesha kiasi kilichokatwa na kilichobaki, aitume kwa baba yake na kwako. Ndipo jirani alipe. Malipo yasitangulie risiti, wala yasichelewe baada yake, ili pasiingie tashwishi baina ya watu wawili ambao ng'ombe wao wanakunywa maji pamoja.

Mabadilishano ya namna hiyo yafaa pia kwa kadi za mbali zaidi. Kadi ya Walmart haina duka Afrika ya Mashariki, lakini binamu yako aliyeko Marekani huenda akawa na mtoto mchanga anayehitaji nepi na maziwa kila wiki. Mpelekee tarakimu, naye akutumie fedha zitakazoingia katika simu yako. Mwenye kadi ya Muscat amtafute ndugu aliyeko Muscat, na mwenye kadi ya Arusha amtafute mlinzi, mwanafunzi au mama mwenye familia huko Arusha. Uliza katika ukoo kwanza, kisha katika kanisa au msikiti, kisha katika boma la jirani. Mara chache sana utamkosa mtu.

Ikiwa yuko mtu asafiriye kwa shughuli zake mwenyewe, unaweza kumwagiza bidhaa, ila uchague kwa busara. Usiagize sukari, unga, chumvi wala mafuta, kwa kuwa Wasso vyote vipo, na gharama ya kupakia itaifanya sukari ya Arusha kuwa ghali kuliko ya dukani kwa jirani. Agiza kilicho chepesi, kinachodumu, na kisichopatikana kwa urahisi karibu: taa ya sola iliyo imara, chupa ya chai isiyopoteza joto, viatu vya shule vya ngozi, mabegi ya wanafunzi, sufuria nzito, blanketi nene kwa ajili ya mzee. Mwandikie msafiri orodha yenye namba za viatu na idadi, na bidhaa ya badala ikiwa ile ya kwanza imekwisha. Akitoka Nairobi apitie mpaka ulio rasmi, kama Namanga, ashike risiti mkononi na kuonyesha alichonacho kwa watu wa forodha, wala asijaribu kupita porini kwa ajili ya jozi mbili za viatu. Pia avilete vitu katika kikapu au mfuko wa kitambaa, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na kwetu tangu tarehe 1 Juni 2019.

Je, yafaa kumpa mtu mwingine kadi uliyopewa wewe? Yafaa. Katika sheria ya Kiislamu hiba ikisha kukabidhiwa na kupokewa ni milki ya aliyepewa. Na katika desturi ya Kimaasai, ambayo ndiyo itawalayo maisha ya Oloipiri, ng'ombe uliyepewa anaweza kuzaa, na mmoja katika uzao wake ukampa mwingine, bila ya yule wa kwanza kuona kwamba amedharauliwa. Lakini desturi hiyo hiyo ina fundisho la pili. Aliyekupa ng'ombe na wewe uliyepewa huitana Pakiteng. Mliopeana kondoo huitana Paker, mbuzi Pakine, ndama jike Paashe. Na jina hilo hubaki baina yenu hata mnyama mwenyewe akisha kufa kwa ukame. Zawadi hutumika, huliwa, huhamishwa, lakini uhusiano ulioletwa nayo haufichwi. Kwa hiyo ukimpa mwanafunzi au mjane kadi ya shangazi yako, mwambie mpokeaji imetoka kwa nani, na mwambie shangazi imekwenda kwa nani na kwa haja gani. Jambo moja la kuangalia: usiipeleke kadi katika nyumba ambayo aliyekupa anaingia na kutoka kila siku, kabla hujamweleza, asije akaikuta mezani kwa watu na kuisikia habari hiyo kwa vinywa vingine.

Kuuza kwa mgeni ni njia ya mwisho, na sitakaa juu yake. Mnunuzi wa kadi hukupunguzia bei siku zote, tena anayetaka kuziona tarakimu kwanza ndipo alipe, huyo si mnunuzi. Huko Marekani na kwingineko matapeli wamezipenda mno kadi za zawadi, kwa kuwa fedha zake zikisha kutumika hazina wa kuzirudisha. Humpigia mtu simu, wakajifanya maofisa wa kodi au polisi au jamaa aliye taabani, wakamwamuru anunue kadi na kuwasomea tarakimu. Sisi tunaujua utapeli huo kwa sura yake ya nyumbani, ule ujumbe usemao ile hela itume kwenye namba hii, ambao umewafikia watu mpaka malishoni. Hakuna ofisi ya serikali, wala kampuni ya simu, wala duka, inayodai malipo kwa tarakimu za kadi ya zawadi. Namba ya simu iliyokutumia ujumbe wa namna hiyo iripoti kwa kuituma 15040, na ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, bonyeza *106#. Duka la hapa nchini likiikataa kadi yake lenyewe pasipo sababu iliyoandikwa katika masharti, omba kuonana na meneja, kisha peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, ukiwa na kadi na risiti ya ununuzi kama jamaa yako bado anayo. Na hii ndiyo sababu ya kumwomba, mapema na kwa upole, asiitupe risiti hiyo.

Limebaki jambo ambalo kwa watu wenye staha ndilo zito kuliko yote, nalo ni namna ya kumweleza aliyetoa. Usimweleze siku ile ile ulipoipokea. Siku hiyo ni ya shukrani tupu. Mpigie simu, usimtumie ujumbe wa maneno mawili. Na kama ni mkubwa wako, kwa umri au kwa daraja la ukoo, shikamoo yake itangulie, umwulizie hali ya watoto na ya kazi, ndipo uitaje zawadi. Kisha, kadi ikisha kupata matumizi, mwonyeshe tunda lake: mtumie picha ya mtoto amevaa viatu, au taa inayomulika daftari usiku. Picha hiyo humfurahisha mtoaji kuliko shukrani nyingi, kwani inamhakikishia kwamba fedha zake zimefika mahali penye haja. Baada ya hapo, itakapokaribia sikukuu nyingine, au yeye mwenyewe akiuliza nikuletee nini, hapo mlango umefunguka, nawe sema kweli bila kuzunguka sana. Waweza kusema maneno kama haya:

"Shikamoo mjomba. Viatu ulivyotununulia kwa ile kadi mtoto bado anavivaa, na mama anakusalimu sana. Mjomba, nina neno moja naomba unisikilize. Duka lile liko mbali na sisi, na ile mara ya kwanza tulisaidiwa na mtoto wa jirani aliyeko Nairobi, ambaye sasa amemaliza masomo. Ukijaliwa tena, hata kama ni kidogo, tutumie kwa simu, nasi tutanunua hapa Wasso kile kinachohitajika siku hiyo, kisha tutakuonyesha. Tusamehe kama tumekosea kusema."

Maneno ya mwisho, ya kuomba radhi, usiyaache kwa mkubwa wako, ingawa hukukosa. Ndiyo yanayomwacha huru kukubali bila kuona kwamba amefundishwa na mtoto. Kwa mdogo wako au rika lako unaweza kusema kwa ufupi zaidi. Na ikiwa jamaa ni mtu asiyependa kutuma fedha, kwa kuogopa zisije zikaishia pasipojulikana, hofu yake usiidharau, kwa sababu mara nyingi ina chanzo chake. Mpe njia ambayo jicho lake litaona. Mwambie alipe karo au sare moja kwa moja shuleni, au amtumie fedha mwenye duka la Wasso ambaye mnamwamini wote, nawe uchukue bidhaa na kumtumia orodha. Kwa aliyeko Kenya njia ni nyepesi, kwa kuwa tangu mwaka 2015 M-Pesa ya huko na ya Tanzania zinatumiana fedha. Aliyeko mbali zaidi atafute kampuni ya kutuma fedha inayofikisha katika simu.

Mpe namba moja tu, ile inayokaa hewani, na umtajie jina lilivyosajiliwa herufi kwa herufi, ili jina litakapotokea katika simu yake kabla ya kuthibitisha, alitambue. Na mwambie asikubali mabadiliko ya namba yanayoletwa kwa ujumbe wa maandishi, mpaka asikie sauti yako. Mwombe pia aongeze ada ya kutolea fedha. Na kama anataka zawadi yake iwe kitu kitakachokaa, mwambie kwa bei ya kadi nyingi za zawadi anaweza kukununulia mbuzi jike, ambaye utampigia picha na kumpasha habari za uzao wake, nanyi mtaitana Pakine. Akiuliza bei, usimkadirie kwa kubahatisha, kwani bei ya kiangazi si ya masika. Mwulize mtu aliyetoka mnadani wiki hiyo, umpe kiasi kilicho kweli.